Shikamoo ya Babu

Kosa langu la kwanza wodini lilikuwa kukataa kuitikia shikamoo ya babu yangu.

Alikuwa ameletwa Ifakara kutoka Mngeta akiwa na homa ya mapafu. Bibi alibaki shambani, kwa sababu mpunga ulikuwa umeshatoa masuke na ndege hawasubiri mgonjwa apone. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu hapa mjini. Nikakifunga, nikawa namuuguza nikisaidiana na shangazi.

Kwanza niseme tulivyokuwa. Babu na mimi tulitaniana tangu nilipoanza kusema. Kila nikienda Mngeta alinipokea kwa kelele: "Mwizi wa mke wangu kaja tena! Mama, ficha sufuria!" Nami nilimjibu kwamba mke wetu kanichagua mimi kwa kuwa nina meno yote. Hata siku alipolazwa, akihema kwa shida, alimwambia nesi, "Huyu msimwamini. Anangoja nife arithi mke."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, macho yanazunguka darini. Aliponiona akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akarudia, kwa sauti ya mtoto anayeogopa. Kaka yake mkubwa alifariki kabla sijazaliwa.

"Babu, mimi mjukuu wako. Shikamoo."

"Shikamoo, kaka. Mtumbwi umeufunga? Maji yanapanda."

"Hakuna mtumbwi, babu. Hapa hospitali. Hebu niambie, leo siku gani?"

Mimi ni mtu wa kunyoosha mambo. Kutengeneza simu nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kuharibu, na silali vizuri kama nimeacha skrubu haijakaa sawa. Niliamini nikimsahihisha vya kutosha, naye atakaa sawa. Nikamuuliza siku, mwezi, jina la bibi. Kila alipokosea nilimpa jibu sahihi na kumtaka arudie. Alichorudia ni shikamoo tu. Kumwitikia babu yangu marahaba mbele ya wodi nzima niliona ni kujitafutia laana. Nikiri ukweli: aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya laana.

Mama mmoja kutoka mashamba ya miwa, aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani, alichoka kunisikiliza. "We kijana, mzee anakuamkia tangu asubuhi. Itikia basi, shikamoo haitozwi ushuru!" Watu wakacheka. Nikakaza uso.

Mchana babu alikuwa analia. Aliamini kaka yake amemkasirikia kwa ajili ya mtumbwi. Akainuka aende mtoni kuufunga, akachomoa dripu, damu ikachuruzika kwenye shuka. Shangazi alivua kanga akamfunga mkono kwenye chuma cha kitanda, na mimi ndiye niliyemshikilia. Mzee aliyenifundisha kupiga kasia alinitazama, akasema, "Kaka, nisamehe."

Nesi alipofika aliifungua ile kanga bila kutugombeza. "Mkimfunga atapigana zaidi," alisema. Akatueleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa ghafla namna hii wanapougua. Si wazimu, na hakuna aliyemroga. Mara nyingi hali hupungua ugonjwa ukitibiwa, ingawa wengine huchukua muda.

"Basi mpeni dawa ya huko kuchanganyikiwa," nikasema.

"Tunatibu mapafu. Mengine ni maji ya kunywa, mwanga mchana, usingizi usiku, na nyinyi kuwa karibu. Na usishindane naye. Anaogopa, mtulize kwanza. Mzee havai miwani?"

Anavaa. Miwani ilikuwa kibandani kwangu. Niliichukua siku alipolazwa ili nikaze skrubu iliyolegea, na nilikuwa sijaridhika nayo.

Nilikwenda mbio kuichukua. Nilipomvalisha alinitazama muda mrefu. Nikangoja aniite mwizi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikasema. "Mtumbwi nimeufunga."

Akashusha pumzi, akajilaza. Haikupita hata saa, akauliza tena kuhusu maji. Zikaenda hivyo siku kadhaa: asubuhi anajua yuko hospitali, jioni mto umefurika. Hakuna nilichofanya kilichodumu. Nilimnywesha maji, nikamsogeza dirishani, nikamsimulia habari za bibi na ndege wake. Sikujua kama chochote kati ya hivyo kinasaidia, au ni sindano tu zinazofanya kazi yake bila mimi. Shangazi aliniuliza, "Atarudi kama zamani?" Usiku huo sikulala.

Aliruhusiwa kifua kikiwa kimesafika. Mngeta, bibi alitupokea uani. Babu akaninyooshea kidole, uso umechangamka. "Mwizi huyu! Kaja kuiba..." Akatutazama mmoja mmoja, akitafuta kinachoibwa.

"Mimi, mzee," bibi akasema taratibu. "Kaja kuniiba mimi."

Babu akacheka, lakini alicheka baada yetu.

Amebaki hivyo. Siku nyingi ananijua, siku nyingine ananiamkia. Zamani ningemsahihisha mpaka alie. Sasa naitikia marahaba, namwambia mtumbwi uko salama, kisha namwambia mimi ni nani, mara moja tu.