Mama Aliyekataa Blantyre

Jumamosi, katika chumba cha kompyuta hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nilimkuta mama mmoja mshonaji, mtu wa Bukavu, akiwekewa mfumo wa Linux kwenye kompyuta yake kuukuu. Fundi alimchagulia toleo jepesi ili mashine isikwame. Wakafika pale pa kuchagua mji, ili saa iende sawasawa. Fundi akaelekeza Blantyre. Mama akamshika mkono.

"Mtoto yangu, Bukavu iko wapi?"

"Haiko, mama. Kwa Kongo, ya karibu ni Lubumbashi. Lakini tuko Malawi, njo tuweke Blantyre."

"Weka ya Kongo. Ao uzime, mi nirudi na mashini yangu."

"Mama, saa itapotea!"

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Itapotea namna gani? Lubumbashi na Blantyre, saa si ni ile ile?"

Fundi akafikiri, akacheka. "Kweli, dada. Ni ile ile."

Mama akabonyeza Lubumbashi mwenyewe, taratibu, kama anayemfunga mtoto kifungo cha shati.

Ofisi ngapi zimetuuliza tunatoka wapi, kisha zikataka ushahidi? Mashine ile iliuliza mara moja, ikapokea jibu, ikaendelea na kazi.