Mkono Unaokaza Uzi

Mama mkwe wangu hajawahi kununua uzi mpya. Wanamwita Mama Nyuzi, na jina halimkeri. Huenda kwenye mitumba akachagua masweta yaliyochakaa viwiko, akabishana na muuzaji mpaka muuzaji mwenyewe anacheka, kisha huyaleta nyumbani kuyafumua. Uzi wa sweta kuukuu hutoka umejikunja. Huuloweka, akauanika kwenye kamba ukiwa umefungwa kitu kizito, na ukinyooka huuzungusha kuwa donge. Mabaki ya majirani nayo hayakatai, hata kama ni kipande cha urefu wa mkono. Ndiyo maana kila kiti na kila meza ya nyumba ile vimevikwa kitambaa, mpaka redio. Ukikaa kimya sana utavikwa na wewe.

Shida ilianza na tandiko la kitanda. Alikuwa akilifuma kwa sindano ya kroshia, mistari ya rangi mbalimbali, kadiri masweta yalivyopatikana. Asubuhi moja alilipapasa, uso ukabadilika.

"Nani ameshika kazi yangu?"

Nilikuwa peke yangu sebuleni, nafagia. "Hakuna, Mama."

"Vitanzi hivi vimekazwa. Mimi sikazi. Mkono wangu naujua."

Akanitazama juu ya miwani, nikajua nimeshahukumiwa. Mimi ndiye mgeni. Tulihamia kwao baada ya kazi ya mume wangu kuisha. Mume wangu hushinda nje akitafuta vibarua, na baba mkwe, fundi viatu aliyestaafu, hushinda kibarazani na magazeti ya zamani. Nani tena abaki wa kushukiwa?

"Kuna mtu humu anataka nionekane nimezeeka," alisema. "Watu waseme Mama Nyuzi mikono imekwisha, awekwe kwenye kiti asubiri kuletewa chai. Nitamjua tu."

Tangu siku ile nikawa naishi na askari. Nikipita karibu na kapu la nyuzi, anakohoa. Nikifunga mlango, anauliza nafunga nini. Nami nikaanza kumshuku yeye: labda anaichezea kazi yake mwenyewe apate sababu ya kunitoa. Nilipomweleza mume wangu, akaniambia niachane na mambo ya nyuzi. Rahisi kusema, kwa mtu asiyeshinda nyumbani.

Jumapili tulipokuwa sote ndani, Mama alilitandaza tandiko mezani.

"Jana kabla ya usingizi wangu wa mchana nilikosea makusudi. Niliruka kitanzi. Nilipoamka, pamerekebishwa. Mwizi ni mmoja wenu."

"Mwizi gani anayeongeza mali?" mume wangu akauliza.

"Nyamaza. Kila mtu atafuma hapa mbele yangu. Mkono utajisema."

Akaanza na mimi, bila shaka. Sindano niliishika kama mwiko, nikatoa fundo ambalo hata mbuzi asingefungiwa. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yanasita. Mume wangu naye alihangaika, akauangusha uzi chini.

"Bado Baba," nikasema, kwa uchokozi tu.

Tulicheka. Baba hakucheka. Alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa sindano yake ya kushonea viatu, ile yenye ndoano kwenye ncha, akaanza kufuma. Vidole vilikimbia, na kila kitanzi alikivuta kwa nguvu kama anayeshona soli.

Mama alikipapasa kile kipande, akasimama. "Wewe? Unanifanyia vituko uzeeni?"

"Kaa, mama watoto."

"Sikai! Nikilala unachokoa kazi yangu, na mimi namtesa mtoto wa watu bure!"

Hilo "bure" nililipokea kwa mikono miwili.

"Nilirekebisha tu," Baba alisema taratibu. "Jana pale pa kijani, na hapa chini pa bluu."

"Pa bluu pana nini?"

"Uliruka vitanzi."

"Mimi nilikosea pa kijani," Mama alisema. "Pa kijani tu."

Alilivuta tandiko karibu na uso, akavua miwani, akaivaa tena, akalipeleka dirishani penye jua. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Na siku nyingine?" akauliza.

Baba aliinamia sindano yake. Mimi nilikuwa nimetamani sana kushinda kesi ile. Sasa nilikuwa nimeshinda, na roho iliniuma.

"Nionyeshe," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Kote."

Baba alisogeza kiti, akamshika kidole, akakiweka juu ya mstari wa bluu. Kisha wa kijivu. Kisha wa njano. Nilidhani ni pawili patatu. Wakaendelea, Mama akiitikia kwa kichwa kila mahali, mpaka tandiko likaisha.

Ndipo akachukua sindano yake ya kroshia, akamwekea mumewe kiganjani.

"Uwe unatumia hii," alisema. "Na usikaze. Watu watajua."