Kigugumizi cha Kidole cha Orval

Shemeji yangu Orval Dierks alikuwa mpiga visahani hodari kuliko wote katika kaunti yetu, ukiniondoa mimi. Naliweka hilo mapema tusije tukagombana mbele ya safari. Wapo klabuni watakaokwambia Orval alinizidi. Waulize hao hao ni nani aliyebeba paja la nguruwe mwaka wa ile theluji iliyofunika maboksi ya barua, halafu watazame wanavyoanza kukagua viatu vyao.

Kwetu, mahindi yakishavunwa na ardhi ikishaganda, hakuna cha kufanya Jumapili baada ya kanisa isipokuwa kwenda klabuni Plum Hollow kushindania nyama. Unasimama kwenye mstari na bunduki ya marisau begani, unaita "Vuta!", na kisahani cha udongo kinachomoka kutoka kwenye kibanda kilicho mbele yako, kinakimbilia mbinguni. Ukikivunja, umekivunja. Atakayevunja vingi zaidi anaondoka na paja la moshi, au bekoni, au bata mzinga. Mfalme hawezi kukununulia nyama tamu kama ile, maana unaila huku jirani yako anajua alipaswa kuila yeye.

Bunduki ya Orval ilikuwa ya marehemu baba yake, mzee Emil, aliyeinunua kabla ya vita na kuwindia mabata mtoni. Ni zile za zamani zinazojipakia zenyewe, zenye nundu mgongoni kama ng'ombe dume. Ukifyatua, mtutu wenyewe unarudi nyuma, unakupiga bega, unarudi mahali pake, na risasi nyingine iko tayari kabla hujamaliza kutukana. Pale kwenye kitako vanishi ilikuwa imeisha kwa shavu la mzee Emil, na shavu la mwanawe liliingia humo humo kama yai kwenye kikombe chake. Orval alikuwa na bunduki nyingine mbili kabatini. Sijawahi kuziona nje ya kabati.

Basi Jumapili moja, wiki iliyofuata sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga, Orval aliita "Vuta!", kisahani kikatoka, sote tukasubiri mlio. Hakuna. Yeye mwenyewe alijitupa mbele hatua nzima, kama mtu aliyedhani ngazi imeisha kumbe bado. Kisahani kikaenda kuanguka kizima shambani.

Lowell Haase, aliyesimama upande wake wa kulia, akamwambia, "Umesahau kutoa kizuizi cha triga, mzee?"

"Nimekitoa," Orval akasema. Aliitazama bunduki, kisha akakitazama kidole.

Kisahani cha tatu baada ya hapo, ikawa vile vile. Hapo Lowell hakutania tena.

Ugonjwa ule unajulikana. Bega likishapigwa miaka na miaka, mwili unajifunza. Macho yanasema piga, akili inasema piga, kidole kinagoma. Ni kigugumizi, ila cha kidole. Na kwetu hakitajwi kwa jina. Mtu akikipata, wenzake huinuka taratibu kwenye benchi lake wakati wa kahawa, mmoja anakwenda kutafuta sukari, mwingine anakumbuka kitu kwenye gari, mpaka mgonjwa anabaki peke yake na kikombe chake. Eti kinaambukiza. Mimi sikuhama, lakini msinipe sifa. Kiti changu kilikuwa karibu na jiko la kuni.

Orval alijaribu kila dawa. Alijaribu risasi nyepesi. Alishona sifongo ndani ya shati, akawa kama mama mwenye ziwa moja, na nilimwambia hivyo. Alihamia bega la kushoto, akapiga paa la kibanda. Dada yangu Twila, mkewe, alimwomba mchungaji amwombee, na mchungaji alimwombea kweli, ingawa naye alikuwa mpiga visahani na alimwombea akiwa amesimama mbali kidogo.

"Kaka Merle," Twila akaniambia jikoni kwake, "mwambie shemeji yako aache. Kuna watu wanacheza karata."

"Mwambie wewe. Mimi hanisikilizi."

"Wewe hakuna anayekusikiliza," akasema, "lakini nilidhani kwa wingi wa maneno moja litaingia."

Orval alikuwa mlangoni, anavua buti. "Nikiacha karata hakuna atakayeuliza," akasema. "Bunduki ile aliniachia baba. Sitaki iwe mimi niliyeshindwa kuipiga." Halafu akaenda kunawa. Hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyosema majira yale ya baridi, na ndilo lililokuwa likimla.

Tukaenda kwa Burdette Shrum, fundi wa bunduki wa mjini, mtu mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku. Burdette alisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari anayefurahia ugonjwa.

"Dawa ipo," akasema. "Triga ya kuachia. Unavuta kwanza, unashikilia, ndipo unaita kisahani. Ukitaka ilie, unaachia. Kidole kinachokataa kuvuta mara nyingi hukubali kuachia. Hakina habari kwamba ni kitu kile kile."

Orval akaiweka bunduki ya baba yake juu ya kaunta.

Burdette akarudisha mikono nyuma. "Hii hapana. Niletee ya mitutu miwili nikufanyie. Hii inajipakia yenyewe, Orval. Ikikosea mara moja, itakosea tena kabla hujajua kwamba imekosea. Na vyuma vyake havitengenezwi tena popote."

"Basi nitafanya mwenyewe."

"Wewe ni fundi wa matrekta."

"Triga ni trekta dogo," Orval akasema. Mimi nikacheka. Burdette hakucheka.

Ndivyo meza ya Twila ilivyogeuka karakana. Kila alasiri Orval alitandika gazeti juu ya kitambaa cha mpira, akavipanga vile vyuma vidogo, vikulabu na springi na pini, akavikwangua kwa tupa nyembamba kama ya kucha, akavisugua kwenye kinoo, akavipachika, akavitoa tena. Msiniulize alikwangua wapi na kiasi gani. Hata ningejua nisingesema. Mtakwenda kuharibu za babu zenu. Mimi nilikaa kiti cha pembeni nikimpa ushauri, na ningekuwa nimelipwa kwa kila ushauri ambao hakuufuata ningekuwa na shamba la pili.

"Supu ina ladha ya msumari," Twila akasema siku moja.

"Madini," nikamwambia. "Yanaongeza damu."

"Kwako yaongeze haya."

Kipo kipande kimoja kilichompa shida. Alikishika juu ya mwanga wa dirishani, akakigeuza, akakiweka chini, akakishika tena. Kilikuwa bado na mafuta ya mzee Emil, meusi, yaliyokauka kwenye kona.

"Nikikata hapa," akasema, "hakuna kurudi."

"Basi usikate," Twila akasema. Alikuwa anamenya viazi, hakugeuka.

Jiko likanguruma kidogo. Orval akakifunga kwenye jiliwa akakata.

Na ikafanya kazi, bwana. Tulikwenda nyuma ya banda la mahindi, tukapanga makopo juu ya uzio. Orval akavuta, akashikilia, akavuta pumzi, akaachia. Kopo likaruka. La pili likaruka. Mwili haukujitupa mbele hata kidogo. Alinigeukia akicheka, meno yote nje, na nikakumbuka kwamba mtu yule alikuwa na meno. Twila alitoka na aproni akasimama kwenye theluji kututazama, na yeye hakucheka, ila hakuingia ndani mpaka makopo yalipoisha.

Klabuni kuna sheria: mwenye triga ya kuachia lazima awaambie watu wa mstari wake, na abandike alama kwenye bunduki mtu mwingine asiishike kwa kutojua. Orval alifuata yote. Alibandika utepe mwekundu kwenye kitako, kando ya mahali pa shavu, na akamwambia kila mmoja uso kwa uso kama mtu anayealika harusi.

"Ngoja nielewe," Lowell akasema. "Sasa ukitaka kupiga unaacha, na ukitaka kuacha unapiga?"

"Karibu hivyo."

"Na mkeo anajua ulivyochanganyikiwa?"

"Ndiye aliyeniambia nisimame karibu na wewe," Orval akasema, na mstari mzima ukacheka. Zilikuwa zimepita Jumapili nyingi tangu mtu achekeshwe na Orval.

Akaanza. Vuta, moshi mweusi wa udongo angani. Vuta, moshi. Nilikuwa nimeshapiga zamu yangu, nimekaa, na niliona watu wakirudi mmoja mmoja kwenye lile benchi lake na vikombe vyao. Walirudi tu, kama kuku wanavyorudi uani mbwa akishapita. Vuta, moshi. Alikuwa anapiga kama zamani, na mimi nilianza kuliaga paja la nguruwe kwa moyo mweupe, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baadaye.

Ndipo kisahani kikatoka vipande. Mashine ile hufanya hivyo wakati wa baridi. Udongo unapasuka kabla haujafika hewani. Kisahani kilichotoka kimevunjika hakihesabiwi, na kila mmoja wetu anajua la kufanya: hupigi, unatoa kidole, unashusha mtutu, unasubiri kingine. Ndiyo adabu. Ndilo jambo la kwanza tunalowafundisha watoto, kabla hata ya kulenga. Ukimwona mtu anafyatua vipande unajua hakulelewa vizuri.

Orval alilelewa vizuri sana. Akashusha mtutu, akatoa kidole.

Bunduki ikalia ikiwa inatazama chini, halafu, kabla mlio wa kwanza haujaisha, ikalia tena.

Ardhi iliyoganda ikaruka kama vigae. Lowell alikuwa amekaa kwenye barafu, mguu mmoja juu. Chembe mbili za marisau zilikuwa zimeingia kwenye ncha ya buti lake na kutokea upande wa pili, na kwa bahati buti lilikuwa la kaka yake mwenye miguu mikubwa, kwa hiyo mle hamkuwa na kidole. Alilitazama lile buti.

"Orval," akasema, taratibu kabisa, kama anayemwamsha mtu. "Iweke chini."

Hakuna aliyempigia kelele. Laiti wangempigia. Orval aliiweka juu ya theluji, mtutu ukitazama shambani, akaenda kwenye pikapu yake akakaa upande wa abiria. Nikamwendesha mimi.

Paja la nguruwe alilipata Lowell. Jioni ile ile akalileta kwa Orval, limefungwa kwenye karatasi, akaliacha kibarazani bila kubisha hodi. Alidhani ni wema. Twila alilipika na maharage, tukaketi kula watatu. Orval alikula viazi.

Alijaribu kuirudisha ilivyokuwa. Meza ikatandikwa tena gazeti. Lakini kile kipande kilikuwa kimekatwa, na chuma hakioti. Alitengeneza kingine kwa pini ya trekta. Kikashika mara tatu na mara ya nne kikateleza. Tukairudisha kwa Burdette, naye akaichungulia ndani kwa kurunzi, muda mrefu, huku akipumulia masharubu.

"Haivuti na haiachii," akasema. "Ningekuwa wewe ningeitundika ukutani."

"Baba hakutundika kitu ukutani," Orval akasema, akaifunga kwenye blanketi lake.

Nilimwambia apige na zile mbili za kabatini. Akaniuliza, akipiga na hizo, atakuwa amepiga nini? Nikamwambia atakuwa amepiga visahani, mjinga wewe. Akasema, "Ndiyo, shemeji," kwa sauti ile ya mtu anayekubali ili uondoke.

Watu wa klabu si wabaya. Mwezi wa pili walimwita wakampa kazi ya kitufe: kukaa kwenye kiti kirefu nyuma ya mstari, na mpigaji akiita, unabonyeza, kisahani kinatoka. Ni kazi ya heshima kwetu, wanapewa wazee wenye masikio mazuri. Twila alinishika mkono kwa furaha. Alimfungia kahawa kwenye chupa na kipande cha pai ya tufaha, kama anakwenda safari.

Alianza vizuri. Watu waliita, yeye akabonyeza, udongo ukaruka. Nilisimama kando ya kile kiti nikisubiri zamu yangu, nikimsimulia jinsi nilivyopata paja la mwaka wa theluji. Zamu ya Lowell ikafika. Lowell akaweka bunduki begani.

"Vuta!"

Hakuna kitu kilichotoka. Lowell alibaki na mtutu juu, shavu limebanwa, pumzi yake inatoka nyeupe. Nikamtazama Orval. Dole gumba lilikuwa juu ya kitufe, ukucha umekuwa mweupe hadi mzizini, na bega lake lilikuwa limejitupa mbele.

"Orval," nikasema.

"Nakibonyeza."

"Bonyeza basi."

"Merle, nakibonyeza."

Nikaweka dole langu juu ya lake nikasukuma. Kisahani kikatoka peke yake, Lowell ameshashusha mtutu, kikapita juu ya shamba kizima kabisa, kikatua kwenye theluji bila sauti. Orval akashuka kitini. Akanipa kile kitufe na waya wake, kwa uangalifu, kama anayemkabidhi mtu kikombe kilichojaa, akaelekea kwenye pikapu. Nilitaka kumfuata. Lakini Lowell alikuwa ameshainua tena bunduki, nyuma yake watu wamejipanga, na baridi ilikuwa kali. Wakaita, nami nikabonyeza.