Nishani ya Aliyeogopa Jogoo

Usiku ule nililala na hasira, kanga yangu ya kutokea imeshaning'inizwa mlangoni. Mchana walikuwa wametupeleka uwanjani kufanya mazoezi ya kupokea nishani ya mwanangu Shabani, ile ya juu kabisa ya ushujaa, aliyotunukiwa baada ya kufa vitani. Afande wa itifaki alinikabidhi kifuniko cha kopo badala ya nishani. "Mama, unapokea kwa mikono miwili, na tafadhali usilie, ratiba imebana." Kisha akasoma karatasi yao: Shabani hakujua woga tangu utotoni. Hakujua woga! Mtoto ambaye akimwona jogoo anakimbilia mgongoni kwangu! Nilitaka kumrushia kile kifuniko.

Usingizi ukanichukua. Nipo tena uwanjani, kifuniko mkononi, ila majukwaa yote ni matupu. Shabani anakuja, buti zimejaa tope. Mara uwanja umekuwa uani kwetu, naye amekalia mbuzi yangu ya kukunia nazi, suruali ya sare imelowa.

"Umenyeshewa?" namuuliza.

"Nilijikojolea, mama." Hainamishi macho. "Tulikuwa tumeshavuka daraja. Dereva wetu akabaki ng'ambo, anaita. Miguu ikanikatalia. Nikakuita wewe, kwa sauti, wenzangu wote wakasikia. Halafu nikarudi kumchukua."

Nataka kumfunika kanga, mikono haimfikii.

"Nani kawaambia sikuogopa?" Sasa amesimama, amefura vilevile alivyokuwa akifura akisingiziwa utotoni. "Kwa asiyeogopa, kurudi kule ni matembezi tu. Wananipa nishani ya matembezi? Waambie, mama."

Jogoo wa jirani akawika. Shabani akashtuka, akajibanza mgongoni kwangu, nami nikausikia uzito wake wote. Nikaamka mgongo una joto, mto umelowa machozi.

Asubuhi gari la jeshi lilipofika, yule afande aliteremka na karatasi yake, akauliza kama nipo tayari.

"Hiyo sentensi ya woga ifutwe," nilimwambia. "Andikeni kwamba aliogopa, akarudi."

"Mama, hotuba imeshapitishwa na wakubwa."

"Basi waambie wakubwa mimi ndiye niliyemzaa. Na nitalia. Mkiona haiwezekani, nishani yenu kaivikeni hiyo karatasi."