Cherehani ya Mama na Redio ya Ngano

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mbulu na Hanang, kitu cha nyumbani hakikununuliwa hivi hivi. Kilichumbiwa. Kilitembelewa mnadani mara tatu, kikanyanyuliwa, kikapinduliwa, kikagongwa konzi, na bado kikaachwa pale pale kisubiri. Leo mwanangu Danieli anaagiza simu akiwa amelala, na kabla haijafika ameshaanza kuulizia itakayotoka mwakani.

Kwetu Maretadu mkaguzi alikuwa mama. Sufuria aliibonyeza kwa dole gumba. Viatu vya shule alivikunja katikati kama chapati, na mwuzaji akilalamika, anamjibu, "Hujamwona huyu anavyopiga mpira wa matambara." Huyo ni mimi, Paulina, msichana wa darasa la nne ambaye kidole chake cha mguu kilichungulia dunia muda wote. Halafu linakuja swali la mwisho: "Kikiharibika, nani anakitengeneza?" Jibu likiwa ni Arusha, tunaondoka.

Baba alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule tambarare za Hanang. Msimu wa mavuno ukifika alihamia kambini kwa miezi. Mwaka mmoja, baada ya kuuza dume, yeye na mama walikubaliana wanunue kitu kimoja cha maana. Mama alikuwa ameichumbia cherehani ya mkono tangu nikiwa darasa la pili. Lakini tulipofika mnadani Dongobesh, baba akaganda mbele ya redio kaseti kubwa, yenye taa nyekundu zinazocheza kufuata muziki. Hakuipindua wala hakuigonga. Aliitazama tu kama bwana harusi.

"Hii inakula betri sita," mama alisema.

"Hata ng'ombe anakula," baba akajibu, akaibeba.

Nisiwe mnafiki, wiki mbili za kwanza tulikuwa wafalme wa kijiji. Majirani walijaa uani, shikamoo zikawa nyingi kuliko msibani. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, nyingine tukaziuma kwa meno zipate nguvu. Nikimsimulia Danieli hayo anacheka mpaka simu inamponyoka, kioo kinapasuka, na kicheko kinaishia hapo.

Kisha baba akaenda nayo kwenye ngano. Mavuno yalipoisha akarudi mikono mitupu.

"Nimemwazima mwenzangu kambini," alisema, akaomba maziwa ya mgando.

Mama akammiminia. Siku ya tatu, alipokuwa anatoa nguo za baba azifue, aliikuta redio chini kabisa ya begi, imeviringishwa ndani ya koti. Akaniita, tukaipeleka kwa Fundi Tluway, mzee aliyetengeneza saa, redio na miamvuli kwenye kibanda kimoja. Alipoifungua, makapi ya ngano yakamwagika mezani.

"Mama, humu ungevuna debe zima," alisema. Akapuliza, akachokoa, mwishowe akatikisa kichwa. Kilichoungua ndani hakikuwa na mbadala.

Jioni ile baba akiwa anakula, mama akaiweka redio kwenye kigoda kando yake.

"Mwenzako amerudisha," alisema.

Sisi watoto tukainamia ugali, mabega yakitutetemeka kwa kicheko. Baba aliendelea kumega ugali hadi kicheko kikatuishia.

"Kule kambini, mama Paulina, kuna upepo na ngano tu," alisema hatimaye. "Kombaini ikizimwa, ule ukimya unauma masikio. Nilitaka kusikia sauti ya mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mwanaume mzima anaogopa ukimya?"

Mama alimwongezea mboga, na kwetu mboga ya kuongezewa ilikuwa ni hotuba.

Mwaka uliofuata tukarudi mnadani, tena kwa makubaliano ya kitu kimoja. Baba akaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Akaipindua, akazungusha mpini, akaikagua sindano kama anayejua anachotafuta. Nikageuka kumtafuta mama, nikamkuta kwenye redio, ameshika ndogo ya betri mbili isiyo na taa hata moja.

"Chukua cherehani," baba alimwambia.

"Nichukue cherehani, halafu wewe ukasikilize nini?"

"Nimesema chukua."

"Na mimi nimesema redio!"

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimgombea mwenzake, mpaka mwuzaji akaomba waamue kabla mvua haijamlowesha. Baba alishinda, kwa sababu tayari alikuwa ameibeba cherehani kichwani na hakukubali kuitua.

Mama akashona sare za nusu ya shule yetu. Kabla ya mavuno mengine, redio ile ndogo ikanunuliwa kwa kazi ya mikono yake. Aliishonea mfuko wa turubai wenye vitundu vya kutolea sauti, vumbi lisipenye. Ilikwenda kwenye ngano msimu baada ya msimu, na baba akawa anarudi na habari za dunia nzima, nyingine, nadhani, za kutunga.

Siku hizi fundi wa simu hata haifungui. "Nunua nyingine tu, mama," ananiambia, akiwa na umri wa kuitwa mjukuu wangu. Baba ametangulia. Danieli ana maelfu ya picha zake mwenyewe, za chipsi alizokula na za kiatu chake cha kushoto. Ya baba tunayo picha moja tu, ya karatasi, amekunja uso kwa sababu ya jua, kofia imemzidi kichwa. Mwaka juzi Danieli aliipiga kwa simu, akaniambia sasa iko salama milele. Mwezi uliopita alikuja na simu mpya, akapekua picha zote zilizomo, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba ile ya babu niipige tena."

Nikamwambia akanawe mikono kwanza.