Firimbi Ikilia Kwenye Kigunia cha Tatu

Jioni, jua likishuka upande wa ziwa, uwanja wetu wa Mutanga Sud hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na watoto wanaokimbia juu yake huonekana kama hawagusi ardhi. Ng'ambo ya maji, milima ya Kongo husogea karibu, halafu hurudi ilikotoka. Nilipenda saa hiyo kuliko mchezo wenyewe. Labda ndiyo maana nilikuwa kocha mbaya.

Ukocha ulinipata kwa sababu ya maringo. Mama mmoja jirani yangu, anayefanya kazi na wageni, aliachiwa na bosi wake aliyekuwa anahama mfuko mzima wa magongo, glavu na mipira minene ya softiboli. Akakumbuka kwamba niliwahi kusoma mwaka mmoja nchi za mbali, ambako mchezo huo unachezwa. Kweli ulichezwa. Niliuona kupitia dirisha la maktaba, nikisinzia. Lakini mtu aliyepita chuo kikuu hakubali upesi kwamba kuna jambo asilolijua. Nikajisomea kanuni kwenye simu, na Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele ya wasichana wa mtaa, nikiwa na tumbo langu na firimbi mpya shingoni.

Vituo vyetu vilikuwa vigunia vya mchele tulivyojaza mchanga wa ufukwe wa Kajaga. Ukipiga mpira unakimbilia kigunia cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, hadi nyumbani ulikoanzia, na hapo timu inapata pointi. Si lazima umngojee mwenzako apige ndipo usogee. Unaweza kuondoka kwa ujanja wako mrushaji anapomrushia mwenzako mpira. Wenye mchezo wanaita huko kuiba kituo, ila ni wizi wenye masharti: hairuhusiwi kuinua mguu kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Na mrushaji akirudishiwa mpira, akasimama nao ndani ya duara lake, wewe uliye katikati ya njia unaweza kusita mara moja tu, kisha uchague papo hapo, mbele au nyuma. Ukiganda, umetolewa.

Kanuni hiyo ya mwisho niliipenda mno. Niliieleza kwa kirefu, nikaingiza na mambo ya hiari na majaliwa, mpaka mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Kochi, tutacheza leo ao kesho?"

Basi nikafupisha. Nikawaambia nitapiga firimbi kila mara mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, nao wasikilize na kukimbia. Nikapiga. Wote wakachomoka, isipokuwa mmoja.

Alikuwa msichana mwembamba, umri wa miaka kumi na kidogo, aliyevuka mpaka kutoka Kongo akalelewa hapa na mama yake mdogo, ambaye yeye alimwita Tantini. Katika kuokota mipira hakuna aliyemfikia kwa mbio. Lakini firimbi ikilia akiwa kwenye kigunia, alisimama wima, mikono imenyooka mapajani, macho yakitazama mbali juu ya vichwa vyetu, kama mtu anayesikiliza jambo linalosemwa upande wa pili wa ziwa. Nikipiga firimbi ya pili kuwasimamisha wenzake, ndipo yeye alipoondoka mbio, peke yake, kigunia baada ya kigunia, katika uwanja ambamo kila mtu amekwisha kusimama.

"Sanamu! Tukupige picha?" walimzomea.

"Mumuache, anangojea bisi ya kwenda mujini."

"Siku nikikimbia, hamutaniona tena," aliwajibu, akirudi polepole.

Mimi niliamini kwamba hajaelewa. Nikamweleza tena ile kanuni, safari hii kwa michoro mchangani. Alinisikiliza kwa heshima yote. Alielewa kila kitu, hata akanirekebisha mshale mmoja niliouelekeza kinyume. Firimbi ikalia, akasimama.

Jumamosi moja Tantini wake alikuja kuangalia. Alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na soko zima. Alisimama kando ya uwanja na mfuko wake wa plastiki mkononi, akatazama zoezi zima, kisha akaniita.

"Mwalimu, uyu mutoto aliniambia huku wanakimbia. Mi naona anasimama tu."

"Anajifunza, Mama."

"Anajifunza kusimama? Kama ni kusimama, akuye asimame ku ndagala zangu. Jumamosi ndiyo siku ya watu wengi, na mi niko peke yangu."

Msichana alikuwa ametusikia kutoka kwenye kigunia cha pili. Alikanyaga tu kile kigunia kwa miguu yote miwili, kama anayehofia kwamba mtu atakuja kukichukua. Jumamosi zile ndizo zilizokuwa zake katika wiki nzima. Siku nyingine alikuwa mtoto wa shule asubuhi na msaidizi wa meza ya samaki alasiri.

Nikataka kumwonyesha Tantini kwamba mambo yataenda vizuri, na kwamba mechi yetu ya kwanza, na wasichana wa mtaa wa Kinindo, itatukuta tayari. Nikamwashiria mrushaji, mpira ukatoka, nikapiga firimbi kwa nguvu zangu zote. Msichana akasimama wima. Nikageuka nimwombe Tantini radhi. Naye alikuwa amesimama wima. Visigino vimekutana, mfuko wa plastiki umening'inia bila kutikisika, macho yako mbali. Upepo wa ziwa ulipita katikati yao wawili, na kwa kitambo kidogo nilihisi kama uwanja wangu umevuka maji na kwenda kutua mahali pengine.

Hapo nikakumbuka. Nikiwa kijana niliwahi kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Jioni moja barabarani firimbi ililia, na mji wote ukasimama: pikipiki, askari, mwenye mbuzi na mbuzi wake. Walikuwa wanashusha bendera. Nilisimama na kipande cha muhogo mdomoni, bila kutafuna, mpaka firimbi ya pili ilipotufungulia. Mtoto huyu hakuwa amekosa kuelewa. Aliisubiri firimbi ya pili.

"Mama," nilimwambia, "na wewe umesimama."

"Mi?" Akajitazama miguu. "Si firimbi imelia!" Akaangua kicheko, kisha akakikata. "Lakini neno langu ni lile. Siku ya mechi nitakuja Kinindo. Akisimama, anarudi ku ndagala."

Kuanzia siku hiyo firimbi ilikaa nyumbani, kwenye msumari wa jikoni. Nikamfundisha msichana jambo ambalo ningepaswa kuwafundisha wote tangu mwanzo: usisikilize, tazama mkono. Vidole vya mrushaji vikifunguka, ondoka. Aliondoka. Wenzake waliacha kuzomea, wakaanza kubishana ni nani atakayemfukuza. Mimi niliketi juu ya mfuko wa magongo nikitazama vumbi lake likibaki hewani baada ya yeye kupita, na nikaanza kudhani kwamba nina kipaji.

Uwanja wa Kinindo ulikuwa na nyasi halisi, na kuta ndefu za majumba ya watu pande zote. Nilimwomba mwamuzi, kijana mpole wa upande wa Kinindo, asitumie firimbi. Alinitazama kama anayemwona mtu mwenye imani za kienyeji, akakubali. Tantini alifika amechelewa kidogo, akajipanga karibu na ukuta, mikono kiunoni.

Msichana alipata kigunia cha kwanza. Vidole vya mrushaji vikafunguka, akaiba cha pili. Vikafunguka tena, akaiba cha tatu. Sikumbuki kelele yoyote, nakumbuka nyasi tu na miguu yake. Kisha mpira mmoja ukampita mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, ukabingirika hadi ukutani, naye akaelekea nyumbani.

Ndipo firimbi ilipolia.

Haikuwa ya mwamuzi. Ilikuwa ya zamu, mlinzi wa nyumba ya jirani, aliyetoka barabarani kusimamisha magari ili gari la bosi wake litoke kinyumenyume. Zamu wa Kinindo wote hufanya hivyo kila siku, na mimi, kwa akili zangu zote za kusoma kanuni, sikuwa nimelifikiria.

Msichana akasimama katikati ya njia, wima, mikono mapajani. Kule ukutani Tantini naye akasimama wima. Mdakaji aliokota mpira, akamrushia mrushaji, naye akasimama nao ndani ya duara. Gari lile lilikuwa refu na dereva wake hana haraka. Jua likawa limekaa juu ya kila kitu kama maji yaliyotulia.

Kisha Tantini akainua mguu. Niliuona ule mguu, na kandambili ya buluu, ukipanda kwa uzito kana kwamba unang'olewa kutoka kwenye matope. Akaweka hatua. Akaweka nyingine, ndani ya uwanja kabisa. Firimbi ya pili ilikuwa bado.

"Kimbia, we mutoto! Iyo si bendera!"

Msichana alimwona anatembea. Akakimbia. Mrushaji, aliyekuwa akimshangaa mama huyu aliyevamia uwanja, alikumbuka mpira wake kwa kuchelewa, na msichana alipita chini ya mkono wa mdakaji, akalala juu ya kigunia cha nyumbani, kifua na mashavu yamejaa vumbi.

Mwamuzi akainua ngumi. Ametolewa. Alisita kupita kiasi, mrushaji akiwa na mpira ndani ya duara. Ilikuwa kanuni yangu mwenyewe, ile niliyoipenda, na sikuwa na la kumbishia. Tulifungwa.

Tantini alikuja kwangu anahema.

"Amefika?"

Nilimtazama msichana, ambaye alikuwa bado amekikumbatia kigunia na anacheka.

"Amefika, Mama."

"Apana, sema vizuri. Amefika mbio?"

"Mbio."

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Basi Jumamosi asubui anisaidie kupanga samaki, alafu akuye kwako. Lakini umufundishe na kuanguka. Anaanguka kama gunia ya mukaa."

Tulirudi kwa miguu tukitafuta basi, wao wawili mbele, tayari wakibishana juu ya nguo iliyochafuka. Kwenye kona zamu mwingine akapiga firimbi. Wote wawili walisita, mara moja tu, kama kanuni inavyoruhusu, wakatazamana, wakaendelea na safari na mabishano yao.

Mimi nilikuwa bado nimesimama nyuma yao, mfuko wa magongo begani, nikisubiri firimbi ya pili.