Sauti ya Nne ya Baba

Kwenye simu yangu kuna orodha ya nyimbo kumi na moja niliyoipa jina la Utulivu, na ninaweza kuapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayetulizwa nayo. Siku moja mwalimu mwenzangu aliziazima hedifoni zangu tukiwa tunasahihisha madaftari, akasikiliza kama nusu dakika, akazivua na kuniuliza kwa huruma, "Dada, huyu anayeimba anaumwa?"

Haumwi, alishafariki. Ni baba yangu, akiimba sauti ya pili.

Nieleze. Baba alifundisha kwaya ya kanisa letu hapa Bagamoyo kwa miaka mingi, na simu za kurekodi zilipoingia alibuni utaratibu wake. Kila wimbo mpya aliurekodi mara nne, sebuleni, mlango umefungwa: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ambayo ndiyo besi. Zote aliziimba mwenyewe. Baada ya mazoezi alimrushia kila mwanakwaya sauti yake, na hiyo tu, akajifunze nyumbani. Kuomba sauti ya mwenzio kulikuwa mwiko. Baba aliamini kwamba mtu akiizoea sauti ya jirani atavutwa nayo, na siku ya ibada utamkuta keshahamia huko. Hata mimi niliyeishi naye nyumba moja nilipewa sauti ya pili peke yake. Alikuwa mkaidi yule mzee, na ukaidi wake nimeurithi.

Kwa hiyo ninachosikiliza si nyimbo hasa. Sauti ya pili haina tuni ya kumfanya mtu atikise kichwa. Inazunguka palepale kwenye noti mbili tatu, inapanda kidogo, inarudi, mara inanyamaza huku Baba akihesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, nne, mpaka zamu yake ifike tena. Na kwa kuwa ni sauti ya kike, aliiimba kwa kubana koo, nyembamba, kama mtu anayeita kuku huku hataki majirani wasikie. Lakini nikitoka shuleni kichwa kimejaa kelele za watoto, naiwasha, navua viatu, nakaa kwenye ngazi za uani, na kufikia wimbo wa tatu pumzi yangu imetulia. Siku zile nilikuwa nahesabu naye tu, siimbi. Tangu tulipomzika sikuwa nimeimba, wala kwayani sikurudi. Niliwaambia koo linanisumbua, nao kwa adabu wakaacha kuuliza.

Mwaka wa pili baada ya msiba niligundua jambo lililonitisha. Kila nikijaribu kuikumbuka sauti yake halisi, ile nzito aliyoniitikia nayo marahaba kila asubuhi, ilinijia hii nyembamba ya kubana koo. Orodha yangu ilikuwa inanituliza na huku inamfuta. Baba hakuwa mtu wa kujirekodi akiongea. Alipiga simu, akasema jambo lake, akakata. Na kwenye video za kwaya haimbi, anaongoza, amempa mpiga picha mgongo. Simu yake aliyorekodia iliharibika hata kabla ya msiba, kwa hiyo sauti yake mwenyewe ilibaki mahali pamoja tu: kwenye zile besi alizowarushia wanaume wa sauti ya nne. Nikawa na hamu nayo isiyopungua kwa kula wala kwa kusali.

Wanaume hao walikuwa watano. Niliwatafuta mmoja mmoja, bila haya. Wawili walishafuta, simu zao zilijaa. Mmoja aliyehamia Makurunge alikuwa amebadili simu. Wa Saadani yake ilitumbukia majini, akanipa pole mara nne hadi nikaanza kumbembeleza yeye. Akabaki mmoja, mzee aliyeuacha mji na kwenda kulima mananasi Kiwangwa.

Nilimkuta Jumamosi asubuhi akipalilia, suruali ameichomeka kwenye mabuti kwa ajili ya miiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti wa Mwalimu, mbona umekonda hivyo? Karibu, ila viti viko nyumbani."

Nilimweleza shida yangu. Akatoa kwenye mfuko wa shati simu ndogo ya batani iliyofungwa kwa mpira, akasema anazo tatu, na kila siku anazisikiliza akiwa shambani, maana huku hana wa kuimba naye. "Nikiisikia, jembe linakwenda lenyewe," akasema. Nakiri niliona wivu. Miezi yote ile nimehangaika, na kumbe mananasi ya Kiwangwa yanamsikia baba yangu kila asubuhi.

Akabonyeza. Spika ilikuwa mbovu, inakwaruza, lakini alikuwa yeye. Nzito, ya chini, haina haraka, sauti ya mtu anayekuambia funga mlango, nawe unaufunga. Nililia palepale, nimesimama katikati ya mistari ya mananasi, na mzee akageukia upande wa pili akaniacha nilie mpaka wimbo ukaisha.

Wimbo huo nami nilikuwa nao, kwa sauti ya pili. Nikapata wazo la kuziwasha simu zote mbili kwa pamoja, Baba aimbe na Baba. Tukahesabu, tukabonyeza. Ubeti wa kwanza walikwenda vizuri, mwembamba juu na mzito chini, nasi tukatazamana tukitabasamu. Ubeti wa pili wakaanza kuachana. Inaelekea siku ya kurekodi besi Baba alikuwa amechoka, au siku ya sauti ya pili alikuwa na safari. Kufika kiitikio mmoja alikuwa mbele ya mwenzake kwa mstari mzima, ikawa fujo kama kikao cha ukoo.

"Zima hiyo yako," mzee akasema. "Sauti ya pili si unaijua? Imba wewe."

"Siku nyingi sijaimba, baba."

"Najua. Ulituambia koo." Hakucheka. Akaurudisha wimbo mwanzo.

Nilianza vibaya, nikakohoa, nikaingia. Maneno yalikuwepo yote. Chini yangu Baba alikuwa anatembea na besi yake taratibu, na zile noti zangu mbili tatu, ambazo miaka miwili nilizisikia zikizunguka peke yake, zikawa na maana. Mzee naye akaingia, kwa sauti ya kuficha. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa inauma.

Ubeti wa tatu nikakosea. Nilipanda mahali pa kushuka. Nikanyamaza papo hapo, nikasubiri, kwa sababu Baba hakuwahi kuliacha kosa lipite. Angegonga meza, angesimamisha kwaya nzima, angeniangalia mimi mwanawe mbele ya watu wote, kisha angesema turudi mwanzo. Nilisimama pale nasubiri agonge meza.

Hakugonga. Aliendelea kuimba mpaka mwisho wa wimbo, bila mimi.